Mama Kipupwe na Baridi ya Ghorofa

Itangazwe kwa wote wenye jasho, wenye feni, na wanaojipepea kwa kifuniko cha sufuria, ya kwamba asubuhi ya Jumatatu moja isiyo na sifa yoyote, Mama Kipupwe, mfariji wa sebule, mtuliza joto la vyumba vya kulala, adui mkubwa wa mijusi ndani ya mashine, aliingia rasmi katika jumba la ofisi lenye ghorofa nyingi kuliko subira yake. Tarumbeta hazikupigwa. Mlinzi alipiga mwayo, akamwambia afungue begi.

Jina la Kipupwe alipewa na wateja wake, kwa kuwa alikoingia na bisibisi joto lilitoka na virago vyake. Viyoyozi vya nyumbani alivijua kama anavyoujua mkoromo wa mumewe. Kuna kisanduku cha ndani kinachopuliza, kisanduku cha nje kinachonguruma, bomba mbili nyembamba za shaba zinazopeleka gesi na kuirudisha, na kampira ka kumwaga maji kwenye ndoo au kichwani kwa jirani. Basi. Joto linachukuliwa chumbani linatupwa nje, mwenye nyumba akibonyeza rimoti mambo yamekwisha. Shida ilikuwa hao wenye nyumba. Mmoja alimpigia simu akilia kwamba mashine imekata roho, kumbe rimoti haina betri. Mwingine alitaka kiyoyozi kimoja kipoze sebule, jiko na mama mkwe.

Ndiyo maana aliposikia jumba lile linatafuta fundi, alikwenda. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mrefu kuliko uzi wake, alishatangazia mtaa mzima.

"Mke wangu anakwenda kupoza jumba zima!"

"Kwa majaribio," mkewe akasema.

"Majaribio ni neno la wenye wivu."

Aliyempokea ni mkuu wa mitambo, mzee mkavu ambaye jumba zima lilimwita Bwana Koki, kwa sababu hakuwahi kuonekana pasipo koki ya kufungua au kufunga.

"Nikiona unafaa, unabaki na mimi," alisema. "Nikiona hufai, unarudi kwenye rimoti zako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi. Ila usijali. AC ni AC, iwe kubwa iwe ndogo."

Bwana Koki alifungua mlango wa chuma wa chini ya jumba, akampisha apite.

Mama Kipupwe akasimama. Mbele yake mashine moja, ndefu kama lori, ilikuwa imelala juu ya zege. Ilivuma sauti nzito ya chini, ile unayoisikia kwenye meno kabla haijafika masikioni. Bomba zilizovikwa sponji nyeusi, nene kiasi cha kukumbatiwa na mtu mzima mikono isikutane, ziliingia na kutoka, zikapanda ukutani na kutobolea darini. Alitaka kuvua viatu, asijue kwa nini. Badala yake akauliza kitu cha kwanza kilichomjia mdomoni:

"Rimoti yake iko wapi?"

Bwana Koki alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, huyu hapulizi hewa hata ya kuzimia mshumaa. Anapoza maji."

"Maji?"

"Maji. Pampu zinayasukuma juu, kila ghorofa. Njoo uone."

Akampandisha. Kila ghorofa ilikuwa na chumba kilichofungwa, na ndani yake kabati la bati ambalo ungeweza kuingia na kuketi. Feni kubwa ilipitisha hewa kwenye mirija ya yale maji baridi, kisha ikaisukuma katika njia za bati zilizotambaa juu ya dari mpaka kwenye vitundu juu ya vichwa vya watu, nao wakipiga chapa barua zao bila habari. Pembeni palikuwa na dirisha la bati linalovuta hewa kutoka nje.

"Huku mnaingiza joto makusudi?" Mama Kipupwe alishtuka. Maisha yake yote alikuwa akiwafokea wateja wafunge madirisha.

"Nyumbani mnazungusha hewa ileile ya jana pamoja na harufu ya vitunguu. Huku umati mzima unapumua kwa pamoja. Tusipowaletea hewa mpya, saa sita wamelala wote. Ingawa wengine hulala hata tukiwaletea."

Wakaishia juu ya paa. Huko maji mengine, yaliyopokea joto kutoka kwa ile mashine ya chini, yalikuwa yakinyesha kama mvua ndani ya vibanda virefu, na feni za juu zikitupa mvuke angani. Mama Kipupwe akanyoosha kiganja kwenye ule mvuke. Ulikuwa wa uvuguvugu, kama pumzi.

"Hili joto ni la nani?" aliuliza kwa sauti ya kanisani.

"La wote. La kompyuta, la birika za chai, la foleni ya pale chini, la bosi anapofoka na la karani anaponyamaza. Linakusanywa, linaletwa hapa, linaachiwa."

Kazi hii Mama Kipupwe alikuwa ameitaka tangu asubuhi. Sasa aliitaka kama mtoto anavyotaka mwezi, na alijua fika inaweza kumponyoka.

Ikaanza kumponyoka kesho yake.

Alitumwa kukagua vichujio vya hewa vya ghorofa ya wahasibu. Mhasibu mmoja aliyejifunga shuka la kitandani juu ya suti alimdaka mkononi.

"Mama, tunakufa! Kidole changu kimegoma kubonyeza sifuri!"

Huruma ikampanda, na pamoja na huruma, akili ya nyumbani. Chumba kina baridi? Funga. Akachukua boksi la karatasi, akakata kipande, akapanda ngazi na kukibandika kwenye kitundu kwa utepe wa gundi. Wakampigia makofi. Aliyekaa meza ya pili akasema, "Na mimi je, mimi si mwanao?" Akabandika. Kufikia adhuhuri alikuwa amebandika ubavu mzima wa ghorofa, isipokuwa ukumbi wa mwisho wa njia, ambamo bodi ya wakurugenzi ilikuwa ikikutana.

Sasa, nyumbani ukifunga chumba umefunga chumba. Lakini ile feni kubwa haikuwa na habari za gundi. Iliendelea kusukuma hewa kama kawaida, na hewa iliyokataliwa kote ikatafuta pa kutokea.

Katika ukumbi wa bodi, tai ya mwenyekiti ilisimama kama bendera. Hotuba yake iliruka ukurasa kwa ukurasa, akaisoma ilivyotua. Kila mkurugenzi alitetemeka, na kila mmoja alidhani ni malaria yake binafsi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulalamika mbele ya mwenyekiti ambaye hakulalamika. Mwenyekiti naye hakulalamika kwa sababu alikuwa mwenyekiti. Hoja ambazo kwa kawaida hujadiliwa mpaka jioni zilipita zote, mikono ikiinuliwa upesi na kurudishwa upesi kwapani.

Upande wa pili, wahasibu waliokuwa wakipiga makofi walikuwa wakitota jasho, na yule wa shuka alikuwa amelala juu ya kikokotoo.

Bwana Koki alifika. Aliinua kiganja kuelekea dari, akatembea hatua chache, akakiinua tena.

"Nani kafunga?"

Vipande vya boksi havina jina la mtu, na wahasibu wote waligeuka kuwa bubu. Mama Kipupwe akaitazama ngazi, akauona na mlango wa kutokea.

"Mimi."

"Umedhani kila kitundu kina mashine yake."

"Kwetu kila chumba kina mashine yake, bosi."

"Hapa hewa ni moja. Ukimnyima huyu, unampiga yule." Akaonyesha ukumbi, ambako mkurugenzi mmoja alikuwa akitoka huku akijisugua masikio.

Mama Kipupwe alimwangalia yule mkurugenzi, akaangalia kipande cha boksi mkononi mwake, kisha mwendo wote mrefu kati ya vitu hivyo viwili. Macho yakamtoka.

"Yaani haka kaboksi kametetemesha wakubwa kule mwisho?"

"Kametetemesha."

"Bosi, sasa huyu wa shuka nampunguziaje bila kumpiga mwingine?"

Bwana Koki alimkazia macho. Kisha akavua koti, akainua kipande cha dari. Ndani ya njia ya bati kulikuwa na vizibo vidogo vya kugeuzwa kwa mkono. Wakageuza kimoja kidogo, wakaenda mwisho kuhisi, wakarudi, wakapunguza kasi ya feni, wakagusa kingine. Kila walipogusa hapa, pale pakasogea, kana kwamba ghorofa nzima ilikuwa imeegemeana mabega. Mama Kipupwe alipanda na kushuka akisema "Loo!" kila mara, kama mtu anayeonyeshwa watoto mapacha.

Walipomaliza, mhasibu alikunja shuka lake mwenyewe.

Katibu wa bodi akaja akinong'ona. "Wajumbe wanauliza, ile baridi ya leo inaweza kurudiwa kikao kijacho? Tumemaliza mapema mno."

"Haiwezi," alisema Bwana Koki. Akamgeukia Mama Kipupwe. "Wenzako waliokutangulia, nikiwaonyesha kosa walikuwa wanatafuta begi. Wewe umetafuta ngazi. Unabaki."

Nyumbani jioni ile, mumewe alikuwa amekusanya majirani sebuleni, wamebanana kama pamba kwenye mto, huku feni yao ya pekee, yenye panga moja lililovunjika, ikitikisa kichwa kukataa kila kitu. Mke alipokwisha kumsimulia kisa chote na kusema amepata kazi, mume alipanda juu ya kiti.

"Ndugu zangu! Mbele yenu ameketi mtawala wa maji yapandayo, malkia wa mvua ya paani, mwanamke aliyewatetemesha wakurugenzi kwa kipande cha boksi! Mke wangu, hebu waeleze hawa, baridi ile kuu ikoje?"

Majirani wakanyoosha shingo. Mama Kipupwe alijifuta jasho shingoni.

"Fungua dirisha hilo, kuna joto humu."