Simu Niliyompigia Okoth kwa Sababu ya Java

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyompigia Okoth simu, na hadi leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Ninyi vijana mnaniita Mzee ilhali meno yangu yote yapo. Basi acha niutumie uzee huo kukuambia jambo la aibu.

Okoth na mimi tulikuwa mafundi wa kompyuta katika hospitali moja ya kanisa hapa Eldoret. Yeye alitoka upande wa Kisumu, mimi ni mzaliwa wa Kaptagat. Alinitangulia kazini, na utaratibu wake ulikuwa ukinikera sana. Kabla ya kuweka programu yoyote ya seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, lazima aitayarishe mashine kwanza: aweke Java, ile programu ya chini ambayo nyingine husimama juu yake, tena toleo lile lile linalotakiwa, aionyeshe mashine mahali Java ilipo, kisha aijaribu kama inaitika. Nikijaribu kumruka, ananipiga mkono kama mtoto aliyegusa sufuria jikoni.

"Ngoja," anasema. "Hii kitu itakaa juu ya nini?"

Kisha ukaja uchaguzi, na mji ukawaka moto; watu wa kabila la mke wa Okoth wakawa wanafukuzwa na kuchomewa nyumba, pamoja na yeyote aliyewaficha. Nilikuwa nyumbani Kaptagat, nimekaa na wajomba zangu tukisikiliza redio, simu ikalia. Jina la Okoth. Wajomba wakanitazama. Niliogopa wasikie ninaongea na nani, nikaikata. Jioni akapiga tena, nikaiacha ilie mfukoni. Sikumpigia. Nilijiambia mtandao ni mbaya, na mwanangu, mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Mambo yalipotulia nikarudi kazini. Okoth alikuwa amehamia kwao. Seva yetu iliharibiwa na umeme wakati wa vurugu, tukaletewa mashine nyingine, na bahati nzuri nakala ya rekodi za wagonjwa ilikuwepo. Nje ya dirisha watu kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao walikuwa wamepanga foleni. Nyumba zao ziliungua, na kadi za hospitali zikaungua nazo. Wengine walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu waliokatiza dawa, na bila zile rekodi daktari hakujua nani alikuwa akitumia nini. Mimi nikaiweka programu ya rekodi moja kwa moja, kwa kujidai kwangu. Ikakataa, haikuiona Java. Nikaweka Java mpya kabisa. Ikakataa tena, kwa sababu ilitaka ile ya zamani, na Okoth ndiye aliyejua ni ipi.

Mama Jepkosgei, muuguzi mkuu, akasimama mlangoni. "Kijana, watu wanangoja. Si upigie Okoth?"

Nikapiga. Akashika.

"Okoth, ile Java uliweka kwa server ni version gani?"

Huku kwetu hata mtu anayeuliza njia husalimu kwanza. Mimi sikumwambia habari, sikumwambia pole. Nilikuwa na aibu, na kwa ile aibu nikajificha nyuma ya kazi.

Akanijibu bila hasira. Akanitajia toleo, akaniambia CD yake iko kabati gani. "Toa hiyo mpya kwanza. Sasa weka ya zamani. Onyesha mashine iko wapi. Imejibu?"

"Imejibu."

"Haya, weka program."

Rekodi zikafunguka. Mama Jepkosgei akatoka kuita wagonjwa. Mimi nikasema asante, nikitaka kukata simu haraka.

"Sisi pia tuko wazima," Okoth akasema. "Mimi, bibi na watoto. Kama ulikuwa unataka kujua."

Nikairudisha simu sikioni, naye akaendelea.

"Ile siku nilikupigia, nilitaka tu uambie watchman atufungulie server room tujifiche. Ule mlango ni wa chuma. Alisema hawezi kutuficha bila neno la mwenyeji kama wewe. Tukalala nje, kwa polisi. Baridi ya hapo unaijua."

Kesho yake nilimpigia tena, safari hii kumwomba msamaha tu. Akashika upesi.

"Imekataa nini tena?" akauliza.

Nililia, mwanangu, nimesimama kando ya jenereta, wauguzi wakinipita. Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na Eldoret hakurudi.

Kwa hivyo ukija kufanya kazi na mimi, utaitayarisha mashine kwanza, na ukiruka nitakupiga mkono kama nilivyopigwa. Lakini hilo ni dogo. Java ukiikosea unaitoa na kuiweka upya, na mchana haujaisha. Mtu uliyemwacha nje siku ya hatari, hata akikujibu kwa upole, utamrudishaje? Usimtafute mwenzako siku ya haja peke yake. Msalimu, mpe pole, ujue watoto wake walilala wapi, ndipo useme lililokuleta.

Mungu akupe marafiki wanaokupigia bila kutaka kitu. Na simu ya mmoja wao ikilia siku mbaya, wajomba wote wakikutazama, Mungu akupe moyo wa kuishika na kusema haloo.