Tarumbeta na Saumu

Nafundisha bendi katika shule ya kati huku Alief, Houston, na ulimi wangu ni mkali; wanafunzi wangu watakuthibitishia. Kila mwaka huwapeleka mbele ya majaji watatu wanaozipa bendi za shule alama. Miziki tunayopiga lazima itoke kwenye orodha ya jimbo, lakini kuchagua ni juu yangu. Ukichagua mwepesi mno, majaji wanapiga miayo. Ukichagua mgumu mno, watoto wanaaibika mbele za watu, na wewe unatabasamu kama vile huna habari. Bendi yetu haikuwahi kupata alama ya juu kwa majaji wote watatu. Mwaka ule nilikuwa na watoto wa kuipata, na wenyewe walijijua.

Tatizo ni kwamba siku ya majaji iliangukia Ramadhani, na zamu yetu ilikuwa alasiri. Wapiga tarumbeta wangu wote watatu wanafunga. Anayewaongoza, binti ambaye wazazi wake wametoka Unguja, ndiye mpulizaji bora niliyepata kumfundisha.

Mezani nilikuwa na miziki miwili. Mmoja wa haraka, ambao klarineti na fluti ndizo zinazobeba mzigo na matarumbeta yanachangamsha tu. Wa pili ulikuwa wa polepole. Karibu na mwisho wake bendi nzima inanyamaza, na tarumbeta moja linaimba peke yake, chini chini, kwa muda mrefu, bila pa kujificha. Sauti ikikatika pale, alama ya bendi nzima inakwenda nayo.

Mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani alinishauri nisijitafutie balaa. Nikaona kasema kweli. Mimi nimekulia Mombasa, katika nyumba ya wapiga tarumbeta wa harusini, na kwetu Ramadhani ikiingia harusi zinasimama na matarumbeta yanatundikwa ukutani. Sikuwahi kumwona mtu aliyefunga akipuliza. Basi nikagawa karatasi za ule muziki wa haraka.

Siku ya pili mama yake binti alinisubiri kwenye maegesho ya shule, bado yumo ndani ya sare zake za hospitali.

"Mwalimu, nakuuliza kwa wema tu. Mwanangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea, dada. Nimemhurumia. Kinywa kikavu na tarumbeta, wapi na wapi?"

"Mie nafanya shift nzima na saumu yangu, nainua wagonjwa. Hajanihurumia mtu, na sijaomba. Na yeye hakuomba."

Niliudhika sana, kwa sababu sikuona pa kumkosoa. Nilipanda gari nikaendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Kesho yake alasiri nilijifungia kwenye stoo ya ala, nami nimefunga, nikaupuliza ule muziki wa polepole. Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Siku iliyofuata nilisukutua kwanza, maji nikayatema yote, na badala ya kuichosha midomo kwa mazoezi marefu nikaingia moja kwa moja pale tarumbeta linapobaki peke yake. Likaimba. Si vizuri sana, lakini mimi ni mtu mzima na yeye ana mapafu mapya. Nikakusanya karatasi za muziki wa haraka na kugawa za ule mwingine. Wapiga klarineti walininunia wiki nzima. Binti alizitazama karatasi zake, akasema "Thank you, Miss," akakaa wima kitini kuliko nilivyowahi kumwona.

Siku yenyewe, bendi nyingine zikiwa zinapasha ala zao moto kwa makelele, wapiga tarumbeta wangu walikuwa wamejipanga kwenye sinki, wanasukutua na kutema kama watu wanaotia udhu. Mwalimu mmoja aliniuliza kama wanaumwa. Nikamwambia hapana, wanajiandaa kukushinda.

Tukapanda jukwaani. Tulipofika pale pa tarumbeta peke yake, bendi ikanyamaza, nikateremsha mikono yangu yote miwili. Sikumwongoza binti. Nilimwachia. Sauti yake ilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, na haikutetemeka hata mara moja. Majaji wote watatu walitupa alama ya juu, na watoto walipiga kelele ndani ya basi mpaka dereva akasalimu amri na kupiga honi pamoja nao. Nilijivuna, na bado najivuna, sioni kwa nini nifiche.

Kila jaji hurekodi maneno yake huku bendi inapiga, kisha shule inapewa kusikiliza. Tuliporudi darasani niliwawekea ya jaji mmoja. Alikuwa na mdomo yule bwana. Klarineti ziko juu kidogo, ngoma zisikimbie, tuba ivute pumzi, na mwenyewe hapumziki. Kisha bendi ikanyamaza, tarumbeta likaanza, na sauti ya jaji ikakatika katikati ya sentensi. Tangu pale mpaka mwisho wa sehemu ile tulisikia tarumbeta tu.

Binti alikunja uso.

"Miss, he's not saying anything about me."

"Huyu analipwa aseme, mwanangu," nikamjibu, nikairudisha nyuma asikilize tena.