Sogea Kidogo, Mukecuru

Mama aliniomba kitu kimoja tu: nimpige picha chini ya mti ambao baba yake aliupanda. Babu alikuwa mtunza bustani hapa ufukweni mwa ziwa zamani za Wabelgiji, kabla familia haijahamia Goma, ng'ambo ya mpaka, na mama, akiwa mtoto, ndiye aliyempelekea chakula.

Nilimzungusha wiki nyingi. Mara kazi, mara mvua, mara kichwa, uongo mtupu. Jumapili moja nikaishiwa visingizio, tukatoka kanisani tukashuka kwa miguu hadi bustanini.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mti. Kabla sijatoa simu, akaona magugu katikati ya maua, akainama kuyang'oa.

"Baba angeona hii angelia," alisema. "Majani iko mingi sana."

Mikono ya mama haijui kutulia. Nikasimama pembeni, nikijifanya natazama ziwa.

Ndipo wakatokea wenzangu watatu wa ofisini, wamependeza kweli kweli. Hao wananijua kwa Kifaransa changu na viatu vyangu, basi. Wakataka tupige picha palepale kivulini.

"Mwambie huyo mukecuru wa bustani atupishe," mmoja alisema.

Mukecuru kwa Kinyarwanda ni bibi mzee. Si tusi hata kidogo. Ni neno la heshima unalompa mama wa mtu mwingine.

Ningeweza kusema, "Huyu ni mama yangu." Maneno manne, na nisingetozwa kodi. Badala yake nikasema, "Mukecuru, sogea kidogo."

Mama aliinuka na magugu yake mkononi, akaniangalia mara moja.

"Pardon, madame," alisema, akasogea mpaka nje ya picha.

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu vizuri sana.

Wanasema majuto ni mjukuu, na mimi ndiye mjukuu wa aliyepanda ule mti. Jioni ile nilipiga magoti jikoni nikaomba msamaha. Mama akasema yamekwisha, akanipakulia chakula. Lakini bado naona aibu, hata ninapoandika haya.

Nimemwomba mara nyingi turudi nikampige picha yake. Jumapili iliyopita alikubali. Akafunga kitenge kipya, akafika mlangoni, akasimama.

"Tukikuta wenzako kule," aliniuliza kwa upole, bila kejeli yoyote, "mi nitakuwa nani?"