Kidole Kilichosoma

Fundi Masikio alijitia kitanzi mwenyewe, tena akiwa amevaa suti. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, baba mkwe, karani mstaafu wa stesheni, alimwambia: "Unasifiwa una masikio. Haya, nichagulie muziki wa sebuleni."

Akachagua mashine ya santuri, spika mbili za mbao na masanduku mawili: prii, inayopokea sauti ikiwa bado changa na kuitayarisha, na pawa, inayoipa nguvu ya kusukuma spika. Kila sanduku lilikuwa zuri peke yake. Kuyaoanisha ndiko alikokosea, maana hakupima. Prii ilitoa sauti kali mno, na pawa nayo ilikuwa nyepesi kushtuka. Ukigusa volyumu kidogo tu, spika zinapiga kelele hadi vikombe vinatetemeka. Ukirudisha, spika ya kushoto inakata. Pazuri palikuwa katikati hapo, pembamba kama unywele.

"Mbona hivi?" mzee aliuliza.

Badala ya kukiri, Masikio akasema: "Baba, vyombo bora ndivyo vilivyo. Vinataka kidole kilichosoma."

Mdomo uliponza kichwa. Mzee aliamini, akamwoza binti yake, akawapa na vyumba viwili vya uani. Tangu hapo, kila jioni saa kumi na moja, sauti inatoka sebuleni: "Masikio! Njoo uniwekee!" Awe karakanani, awe na povu la sabuni kichwani, lazima aende. Anaweka, anasubiri santuri iishe, anazima. Hata kwenye harusi ya dada yake aliondoka kabla ya chakula. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Masikio ilitimiza miaka sita, na kila siku ilimfikisha kwenye kochi lile lile.

Mwezi huu ikaja barua. Anatakiwa awe fundi mkuu wa karakana ya redio katika mji mwingine, nyumba ipo, ajibu kabla ya Jumamosi. Mkewe alifurahi hadi akaanza kukunja mapazia.

"Lakini Baba umwambie wewe," alisema. "Mimi akiniuliza nani atamwekea muziki, nitalia tu."

Dawa ilikuwepo siku zote: rezista nne za kupunguza makali ya sauti, zifungwe kwenye waya kati ya prii na pawa. Kazi ya nusu saa. Masikio alizibeba mfukoni mwaka mzima, na kila akiingia sebuleni anatoka nazo vilevile, kwa sababu kuzifunga ni kukiri. Aliona aibu, na alijichukia kwa kuiona.

Alhamisi akajikaza kiume. Alizifunga, kisha akasema yote kuhusu vyombo; habari ya kuhama akaiachia kesho. "Baba, nilikosea tangu mwanzo. Sikupima. Hakuna cha kidole kilichosoma."

Mzee akasogea karibu na prii. Akanyoosha mkono, akazungusha volyumu taratibu hadi katikati. Sauti ikapanda laini, spika zote mbili. Akaishusha, akaipandisha tena, huku akicheka.

"Kumbe! Miaka sita unaninyima raha hii, jambazi wewe!"

Hakukasirika hata chembe. Masikio alitoka pale akijiona mtu huru.

Ijumaa saa kumi na moja alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye sanduku aliposikia: "Masikio! Njoo!" Alikimbia, akidhani waya umeachia. Sebuleni muziki ulikuwa unapiga vizuri kabisa. Mzee alikuwa amesogeza kochi la pili karibu na lake.

"Kuna tatizo, Baba?"

"Tatizo gani? Nimeweka mwenyewe. Kaa tusikilize."

Masikio akakaa. Mkewe alisimama mlangoni na barua ya majibu mkononi, imebaki sahihi tu. Akamkazia macho: sema. Maneno alikuwa ameyapanga tangu asubuhi. Santuri ikafika mwisho. Mzee akamgeukia, anatabasamu, anamngoja.

"Baba," alisema Masikio, "nigeuze upande wa pili?"