Jumeli ya Siku za Mwezi

Kwa miaka miwili nilijua majina ya nyota kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, na sikuwa nimetazama hata moja kwa kifaa chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu linanitia haya. Nilijifunza yote kwenye simu, nikiwa nimekaa katika kibanda changu cha kuchaji simu na kutoa fotokopi karibu na bandari ya Kalemie. Mteja akiingia, nilifunika ukurasa kana kwamba nasoma kitu kibaya.

Nilikuwa na daftari la vifaa. Upande wa kushoto niliandika mambo ya darubini ndefu ya miguu mitatu. Upande wa kulia niliandika mambo ya jumeli, ndivyo tunavyoiita hapa ile darubini fupi ya macho mawili. Nikikosea neno moja, sikulifuta. Nilichana ukurasa wote na kuanza upya. Daftari likawa jembamba kama kijitabu cha sala, na bado sikuwa nimechagua.

Akiba yangu ilitosha kifaa kimoja tu, tena cha bei ya chini. Kila ushauri niliousoma uliubomoa ule wa jana yake. Mmoja alisema anza na jumeli. Mwingine alisema jumeli ni ya kutazama ndege. Wa tatu alisema usinunue chochote kwanza, toka nje utazame kwa macho yako. Huyo alinikasirisha zaidi, labda kwa sababu ndiye peke yake niliyeweza kumtii bila kulipa.

Jioni moja Papa, baba yangu, aliniuliza kuhusu hiyo akiba. Papa huvua ndagala. Usiku wa giza wanatoka na taa, na wale samaki wadogo wanaufuata mwanga hadi kwenye wavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linakuwa jeupe na taa hazina kazi, kwa hiyo wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu na kulala. Siku hizo tunaziita siku za mwezi.

"Hiyo pesa yote ni ya kuangalia juu?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Juu ninaangaliaka bure toka nikiwa mutoto."

Mama, aliyekuwa akipepea mbabula, jiko la makaa, alicheka. "Mwachie. Wenzake wanakunywa pombe, yeye anakunywa mawingu."

Papa hakucheka. "Sawa. Nunua. Siku za mwezi zikifika nitakupa usiku mumoja. Unionyeshe kitu kimoja tu chenye sijaona. Ukiweza, sitakuuliza tena mambo ya nyota. Ukishindwa, tunauzisha hiyo kitu, pesa inaingia mu nyavu, na wewe unaingia mu mutumbwi."

Niliyaandika maneno hayo yote kwa mwandiko safi, neno kwa neno. Niliyasoma labda mara kumi. Sijui hadi leo jinsi nilivyoweza kuyasoma mara kumi bila kuyaona.

Wiki hiyo mama mdogo, dada ya Mama, alikuwa anavuka kwenda Kigoma na mafuta ya mawese, na alikubali kuninunulia. Siku ya pili alinitumia sauti kwenye simu.

"Mutoto wangu, niko dukani. Kuko bomba yenye miguu mitatu, juu ya boksi kuna picha ya dunia yenye pete. Na kuko jumeli nyeusi, nzito kama jiwe ya kufunga mulango, imeandikwa kumi na hamsini. Muuzaji anasema bomba inavuta mara mia tano. Anasema tu, hajaangalia."

Kumi maana yake inavuta mara kumi, hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hayo niliyajua. Nilimwomba apime kioo cha ile bomba.

"Hana rula. Nimepima na vidole. Bomba vidole vitatu, jumeli vidole vitatu."

Nilimwomba atazame nje ya duka kwa zote mbili.

"Na bomba nimetafuta duka ya ng'ambo, nimepata sikio ya muntu. Na jumeli nimemupata muntu muzima, anakula muhogo. Sasa chagua, mashua haingojei nyota."

Nilisema jumeli. Baada ya nusu saa nilifikiria Zohali na pete yake, nikamtumia ujumbe: bomba. Kisha nikasoma kwamba miguu ya bomba za bei ndogo hutetemeka hata ukipumua, nikaandika tena: jumeli. Halafu sikulala vizuri, na alfajiri nikaandika bomba, tafadhali, kama bado. Kuanzia hapo simu yake haikupatikana. Kwa siku tatu niliishi bila kujua ni ujumbe gani umefika, na nakiri kwamba sikujua pia ni upi niliotaka ufike.

Alishuka bandarini na jumeli, imefungwa ndani ya kitenge. "Nilisikia ya kwanza tu," alisema. "Zingine zote ni homa."

Mbingu zilikuwa na giza wakati huo, bila mwezi, na mvua zilitulia siku mbili. Mara tu baada ya chakula cha jioni nilisimama ufukweni, nikaielekeza jumeli kwenye Kilimia, lile kundi la nyota ambalo kwa macho huwa sita au saba. Zikawa nyingi, tena zenye rangi ya samawati niliyokuwa nimedhani ni ya kuongezwa kwenye picha. Nilisema peke yangu, kwa sauti, "Kumbe ni kweli." Nilitaka kumwita Papa palepale.

Nilishusha jumeli. Mbele yangu ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi, na mojawapo ilikuwa yake. Hapo ndipo maneno ya daftari yalinifikia. Usiku wa giza Papa hayupo. Papa yupo mwezi ukiwepo, na mwezi ukiwepo, nyota zote nilizopanga kumwonyesha zinafifia. Hakuna ushauri hata mmoja uliokuwa umeandikwa kwa ajili ya mtoto wa mvuvi wa ndagala. Nilirudi nyumbani, nikachana ukurasa wa mpango wangu, halafu nikauandika tena vilevile kwa sababu sikuwa na mwingine.

Siku za mwezi zilifika. Papa alinawa miguu, akaleta kigoda chake hadi mchangani, akaketi kama mtu aliyeitwa kwenye kikao. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya ziwa, mzima. Nilimpa jumeli.

"Ninaona mwezi," alisema. "Mwezi ninaujua. Ndiyo huyu anatulazaka njaa." Alipangusa machozi, maana ulikuwa mkali.

Nilimwelekeza Kilimia. Zilionekana chache, zimechoka. Nilianza kumweleza ambavyo angeziona kama angekuwa nyumbani usiku wa giza.

"Usiku wa giza ndiyo unakulisha," alisema. Kisha akanyoosha kidole. "Na ile kubwa? Miaka ya nyuma haikuwa pale."

Ilikuwa Mshtarii, sayari kubwa. Haikuwemo kwenye mpango wangu, kwa sababu nilisoma kwamba mikono mitupu hutetemesha jumeli ya mara kumi na huoni kitu. Nilijaribu mbele yake, na ile nuru ilichorachora hewani kama mwandiko wa mtoto.

"Lete," alisema. Alichukua kafi, kasia lake fupi, akalisimamisha mchangani, akabana jumeli na mpini wake kwa mikono miwili kama anavyojishika mawimbi yakiwa makali. Alibana pumzi.

"Iko na watoto," alisema.

"Wangapi?"

"Watatu. Ngoja. Wanne. Wamejipanga kama mitumbwi ya taa."

Ilikuwa miezi ya Mshtarii. Nilichukua zamu yangu kwenye kafi. Niliona wawili, na baadaye sana, watatu. Wa nne sikumwona usiku ule.

Tulirudi nyumbani bila kusema lolote kuhusu mapatano. Nilijiuliza kama nilimwonyesha mimi au alinionyesha yeye, na kama hilo linahesabika. Siku zilizofuata hakutaja nyavu. Hakutaja nyota pia, kama alivyoahidi, nikaanza kupumua.

Kisha mwezi ukapungua, na jioni ya kwanza ya kutoka ziwani jumeli haikuwepo juu ya kabati. Mama alisema Papa ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuondoka nayo.

Alirudi asubuhi, akaniwekea jumeli kibandani, juu ya mashine ya fotokopi. Ilinuka samaki.

"Wenzangu wamenicheka," alisema. "Ati ninatafuta ndagala za Mungu. Ile Kilimia yako, nimeihesabu mara tatu, kila mara namba ingine. Leo nitarudilia."

Leo, na kesho, na kila usiku wa giza. Mimi ningebaki nayo siku za mwezi. Sikujua kama nimeshinda au nimenyang'anywa. Nilibandua gamba la samaki kwenye kioo kwa ncha ya shati, taratibu nisikikwaruze, nikamuuliza alipata ngapi.