Siku Tuliyomzika Athumani Kule Matungu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo pale Bukura, nilipobishiwa mlango na kijana mwenye baiskeli, jasho limemlowesha shati. Alikuwa binamu yake Athumani, rafiki niliyekaa naye chumba kimoja. Athumani alikuwa amekwenda kwao Matungu kujiuguza malaria.

"Ametutoka alfajiri," kijana akasema. "Tunamzika leo adhuhuri."

Leo! Mimi ni mtu wa Lugari, nimelelewa kanisani. Kwetu marehemu hulala nyumbani siku kadhaa, kwaya zikiimba, na kila aliyemjua husimama kumwelezea. Nilikuwa hata sijaanza kuamini kwamba amekufa. Nilivaa tai, nikakaa nyuma ya baiskeli, na njia nzima nikawa napanga maneno nitakayosema mbele ya watu. Sikuwa na kingine cha kumpelekea.

Tulikuta jeneza limewekwa mbele ya msikiti, mwili umefungwa sanda. Binamu akakimbia kutawadha, nikabaki peke yangu. Wanaume walipanga safu, bega kwa bega, nami nikarudi nyuma mpaka nikagusa ua. Nilingoja wapige magoti ili niinamishe kichwa pamoja nao. Hawakupiga. Imamu alisema "Allahu Akbar," kukawa kimya, akasema tena, kukawa kimya. Mara wakatoa salamu, ikawa imekwisha. Waliinua jeneza wakapokezana haraka haraka, mimi nafuata nyuma, sijui kama naruhusiwa hata kuligusa. Hakuna aliyelia kwa sauti, kwa hiyo na mimi nikakibana kilio changu kifuani. Nimepitia mengi tangu hapo, hata kufiwa na mama yako, lakini upweke wa siku ile katikati ya umati wa watu sijauonja tena.

Makaburini nilisimama mbali, nikiangalia migongo ya watu. Ndipo mzee mmoja mwembamba, mwenye kanzu iliyochafuka udongo, akageuka na kuniona. Alikuwa Mzee Rajabu, babake Athumani. Aliacha kaburi la mwanawe, akaja mpaka niliposimama.

"Wewe ndiye Wekesa?"

"Ndiyo, mzee."

"Alikutajanga kila likizo. Mbona umesimama huku kama mpita njia? Njoo umfukie mwenzako."

Alinishika mkono, watu wakatupisha. Nilichota udongo nikamtupia Athumani. Dua ikasomwa, watu wakaanza kuondoka. Nikamuuliza mzee kwa sauti ndogo, "Watu wataongea juu yake saa ngapi?"

"Sisi hapa hatuongei, mwanangu. Tunamwombea, tunamwacha kwa Mungu."

"Lakini nimekuja na maneno kutoka Bukura."

"Basi njoo nayo nyumbani. Mimi nilimjua akiwa mtoto. Athumani wa Bukura simjui."

Tulikaa mkekani, yeye na mimi. Nilimweleza jinsi mwanawe alivyomwogopa fahali wa chuo, akipita mbali akijifanya anachunguza majani. Jinsi alivyowaimbia ng'ombe wakati wa kukamua, sauti mbaya kabisa, na bado walimpa maziwa mengi kuliko sisi sote. Jinsi mwezi wa Ramadhani nilivyomwamsha kula daku, naye akinilaumu kwamba nimekatiza ndoto. Mzee alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mamake Athumani, niliyekuwa sijamwona: "Hiyo ya ng'ombe, mwanangu, isimulie tena."

Nikaisimulia tena.

Jioni nilirudi Bukura. Kitanda cha pili chumbani kilikaa wazi muhula mzima, na sikuomba mwenzangu mwingine.

Mwanangu, sasa unapoondoka nyumbani, utaalikwa kwenye ibada za watu usiowajua, harusini na msibani. Nenda. Usingoje mpaka uijue dini yao, maana aliyekuita anakuhitaji wewe, si ujuzi wako. Ukifika, simama pale wanapokuweka, nyamaza wanaponyamaza, wala usiwadai desturi za kwenu. Utajiona mpweke, na pengine utakuwa mpweke kweli, lakini usikimbie kwa sababu hiyo. Na siku msiba utakapokuwa wako, Mungu aucheleweshe, inua macho hata kama yamejaa machozi, umtafute mgeni aliyesimama nyuma. Mzee Rajabu alifanya hivyo akimzika mtoto wake. Sisi wengine tutashindwaje?

Mungu akutangulie katika kila nyumba utakayoingia, akupe mtu wa kukushika mkono, na mkono wako asiukaushe kwa wengine. Nenda salama, mwanangu.