Wiki Aliyocheka Jikoni

Nyumba yetu ilikuwa Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru, mwisho wa barabara ya vumbi, na kwa miaka minne niliishi humo na vijana wasio wangu. Mpango huo tuliuendesha watu wawili: mimi, niliyekuwa nimeacha kazi ya uuguzi, na mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Mimi vijana waliniita Mathe, yaani mama. Walikuja wakiwa wamemaliza kidato cha nne, wakakaa nasi mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo. Asubuhi walisoma na kujadiliana, mchana walijitolea kwenye zahanati na makao ya watoto, jioni tukawa shambani au jikoni. Wazazi wengi walitaka tuwarudishie mtoto aliyenyooka. Vijana wenyewe, nadhani, walitaka mtu awaulize maswali ambayo hata muulizaji hana majibu yake.

Sheria ya simu ilikuwa ya Mwalimu. Jumapili jioni kila mmoja aliizima yake, ikafungiwa ofisini mpaka Jumamosi asubuhi. Kukiwa na dharura, watu wa nyumbani wangepiga simu ya ofisi. Niliipenda sheria hiyo. Siku za kwanza vijana walipapasa mifuko kila dakika, kisha pole pole wakaanza kuongea mezani.

Mwaka wa tatu tulimpokea msichana kutoka upande wa Sachangwan, aliyelelewa na nyanya yake tangu akiwa mtoto mchanga. Miezi miwili ya mwanzo hakusema neno ila akiulizwa. Alipolegea, tukagundua ana mzaha mkavu, wote wa nyanya yake, aliyemwita shosho. Alionja mchuzi wangu siku moja akasema, "Shosho angeuliza kama huyu ng'ombe alipita tu karibu na sufuria." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi moja alichukua simu yake kama wenzake, akaiwasha akiwa amesimama mlangoni pa ofisi. Jumbe zikaanza kuingia mfululizo. Aliinua uso.

"Mathe, shosho ni mgonjwa tangu Jumanne."

"Mbona hawakupiga ofisi?" nilimwuliza, na kabla sijafunga mdomo nikajua. Simu ya ofisi ilikuwa imetumbukia kwenye tangi la maji mwezi uliotangulia. Tulinunua laini mpya. Kuwatumia wazazi namba hiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimeiahirisha kila siku, leo kwa sababu ya mboga, kesho kwa sababu ya kikao, mpaka nikaisahau kabisa.

Mwalimu alitoa gari lake kuukuu, tukapanda kuelekea Sachangwan sisi watatu. Njiani alimwambia msichana, "Ile sheria niliiweka mimi. Nisamehe, mwanangu." Msichana alitazama nje. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na sikusema kitu, kilomita baada ya kilomita.

Shangazi yake alitupokea mlangoni. Hospitali walikuwa wamemruhusu mgonjwa jana yake. Alikuwa amepooza upande mmoja, na ingawa siku mbili za kwanza aliongea, tangu Alhamisi hakuweza tena.

"Tulipiga simu mpaka tukadhani ametutoroka," shangazi alisema. "Na mama alikuwa anamwita tu."

Msichana aliingia chumbani, akavua viatu, akapanda kitandani na kujilaza ubavuni mwa nyanya yake. Mkono ule mzima wa mgonjwa ulitembea juu ya blanketi mpaka ukamfikia. Mwalimu alianza tena kuomba radhi kwa ajili ya sheria yake, na hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu hana kosa," nilimwambia shangazi. "Namba ya ofisi ilibadilika. Mimi ndiye niliyepaswa kuwapa. Nilisahau."

Alinivutia kiti.

"Kaa chini, kuna chai," akasema. Nilipoanza kumshukuru, akanikatiza: "Sijasema nimekusamehe. Nimesema ukae."

Msichana alibaki kwao. Kila Jumatano nilikwenda kumwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, namna ya kumlisha uji asipaliwe. Kwenye safari ya tatu au ya nne, tukiwa tunaanika mashuka, aliniuliza, "Mathe, unajua ile wiki nilikuwa na furaha? Jumanne tulicheka sana pale jikoni. Hiyo ndiyo inaniuma."

Uuguzi ulikuwa umenifundisha maneno mengi ya kuwapa watu wenye majonzi. Nilishika ncha ya shuka, nikavuta upande wangu.

Nyanya yake alifariki mvua za masika zilipokatika. Tulikwenda mazishini sote, vijana wakachimba kaburi na kuteka maji pamoja na wenyeji, na shangazi akaniweka kwenye zamu ya kupika bila kuniuliza. Mwalimu aliifuta sheria yake. Kuanzia hapo simu zilikaa kwenye rafu sebuleni, zikiwa zimewashwa, na aliyesikia yoyote ikilia aliipokea na kumwita mwenyewe. Kelele iliongezeka, na mazungumzo ya mezani hayakuwa tena kama zamani. Mwalimu alisikitika kwa hilo, nami pia, lakini hakuna aliyependekeza kurudi nyuma.

Msichana alirudi kumaliza mwezi wa mwisho na wenzake. Sasa yuko chuoni, na akipita Nakuru huja kunisalimia. Hajawahi kuniambia kwamba alinisamehe, nami sijamwuliza. Mara ya mwisho, tukianza mwaka wetu wa nne, alikuja na mdogo wake, binti wa yule shangazi, aliyekuwa amemaliza shule na hajui la kufanya.

"Shangazi amesema mkae naye mwaka mmoja," aliniambia. "Amesema nimlete kwako."